Lipe Jiwe la Kunolea Mahali Pake

Ukipita Keko, wilayani Temeke, utakuta vitanda na makabati yamepangwa hadi ukingoni mwa barabara, na nyuma yake mafundi wakipiga randa chini ya mapaa ya bati. Mbao wanazofanyia kazi zinachosha vyuma. Mninga una huruma kidogo, lakini mkongo ni mgumu, msaji una chembechembe za silika zinazokula makali, na mvule mara nyingine huficha ndani yake mabonge ya chokaa iliyoganda ambayo yanaweza kumega kisu cha randa. Kwa mbao kama hizo, makali ya asubuhi hayafiki jioni. Fundi inambidi anoe mara kadhaa kwa siku.

Lakini katika karakana nyingi jiwe la kunolea halina makao. Leo liko kwenye ndoo ya misumari, kesho limeazimwa na jirani. Fundi akifikiria kulitafuta, kulifuta vumbi na kuchuchumaa nalo sakafuni, anaona bora aendelee hivyohivyo. Anaongeza nguvu za bega, na patasi butu iliyosukumwa kwa nguvu ndiyo inayoteleza na kuchana mkono. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kununua jiwe la bei kubwa, litengenezee kwanza hilo ulilonalo mahali pa kudumu.

Hapahitajiki nafasi kubwa. Kipande cha ubao cha sentimita 60 kwa 40, kikikazwa juu ya meza isiyoyumba, kinatosha. Meza iwe chini kidogo ya kiwiko, ili uzito wa mwili ushukie kwenye chuma bila kuinama. Pigilia vipande vyembamba vya mbao kuzunguka jiwe lisisogee. Kaa mbali na msumeno wa umeme na upande wa barabara, kwa sababu punje moja ya mchanga ikitua kwenye jiwe laini itachora mstari kwenye makali uliyoyahangaikia. Mwanga utoke ubavuni, si juu ya kichwa.

Jiwe la kawaida la madukani, lenye upande wa kukwaruza na upande laini, linafaa sana likitunzwa. Ugonjwa wake ni kuchimbika katikati, kwa kuwa kila mtu hunoa hapohapo, na jiwe lenye bonde haliwezi kutoa patasi iliyonyooka. Lichore mistari ya penseli uso mzima, kisha lisugue juu ya msasa mkali uliolazwa kwenye kioo mpaka mistari yote ifutike. Ukitumia mafuta, tumia mepesi kama ya cherehani. Mafuta ya kupikia hukauka, yakanata na kuziba vitundu vya jiwe.

Asiye na jiwe zuri aanze na kioo. Mafundi wa madirisha ya alumini huwa na mabaki; tafuta kipande kinene, cha milimita 6 au zaidi. Msasa wa maji unapatikana maduka yanayouza rangi za magari: namba 220, 400, 1000 na 2000. Uloweshe, ulaze kwenye kioo, nao utajishika wenyewe.

Sasa pembe. Patasi ya kazi za kawaida na kisu cha randa huchukua nyuzi 25 hadi 30. Huhitaji kipima pembe: kwa nyuzi 30, urefu wa ule mteremko ulionolewa huwa mara mbili ya unene wa chuma. Patasi ya unene wa milimita 4 iwe na mteremko wa milimita 8. Kata kabari ya mbao yenye pembe hiyo, iache hapohapo mezani, uwe unalinganishia kabla ya kuanza.

Anza na mgongo wa patasi. Ulaze bapa kabisa na usugue mpaka sehemu ya karibu na ncha ing'ae yote. Kazi hii hufanywa mara moja, baadaye ni kuigusa tu. Kisha nenda kwenye mteremko, ukianzia upande wa kukwaruza. Usihamie upande laini kabla hujasikia, ukipapasa mgongoni kutoka ndani kuelekea nje, kikunjo chembamba cha chuma kimejitokeza upana wote wa ncha. Hicho ndicho kinachokuambia kwamba pande mbili zimekutana. Wengi huacha mapema, kikiwa kimejitokeza kona moja tu. Kikiondolewa kwenye upande laini, malizia kwa kuvuta patasi kinyumenyume juu ya kipande cha ngozi kilichogundishwa ubaoni. Kisha elekeza ncha kwenye mwanga: ukiona uzi wowote unaometa, hapo bado ni butu. Makali kamili hayaakisi kitu.

Mashine ya kunolea ya umeme iachie kazi ya kuondoa pengo. Chovya chuma kwenye maji kila mara. Ncha ikishageuka bluu, ugumu wake umepotea, na hapo hakuna dawa ila kusaga mpaka sehemu hiyo iishe.

Wachongaji wa Mwenge, wanaokabiliana na mpingo, wana shida ya ziada: patasi zao nyingi zina ncha ya mviringo, na jiwe bapa halifiki upande wa ndani. Kijiti cha mviringo unaolingana na patasi, kilichozungushiwa msasa namba 1000, hufanya kazi hiyo vizuri.

Kwa hewa yetu ya pwani, chuma kilichotoka kunolewa hushika kutu haraka. Ning'iniza kitambaa chenye mafuta ya cherehani pembeni mwa meza na ufute kila kifaa kabla hakijarudi kazini. Misumeno noa kwingine, kwenye jiliwa, kwa tupa ya pembetatu inayosukumwa mbele tu, maana chenga za tupa zikidondokea jiwe laini zitalikwaruza.