Nzi Mwindaji Naye Aandikwe Anapoishi

Mkulima wa mchicha pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam huenda amekwisha kumwona nzi mwenye mwili mrefu na miguu ya miiba, ametulia juu ya kijiti kikavu katika jua kali. Ghafla huruka, akamdaka mdudu hewani na kurejea kituoni. Humchoma kwa mdomo wake, akamtia mate yanayompooza na kumyeyusha ndani, kisha akamfyonza. Huyo ni nzi mwindaji, wa jamii ya Asilidae, yenye aina zaidi ya 7,000 duniani.

Kuitambua jamii yake si kazi ngumu: ana bonde kati ya macho yake makubwa, na masharubu usoni. Kuitambua aina yake ni jambo jingine. Mara nyingi mtaalamu hana budi kuchunguza viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini. Tena wako wanaohadaa macho: wale wa jenasi ya Hyperechia hufanana na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti.

Hata hivyo, jina sahihi pekee halitoshi. Mdudu asiye na maandishi ya mahali na tarehe aliyokamatwa ni pambo tu. Wala jina la wilaya peke yake si mahali. Kabla ya mwaka 2016, "Kinondoni" ilikuwa pamoja na Ubungo, na "Temeke" ilikuwa pamoja na Kigamboni, ng'ambo ya bandari. Atakayesoma neno hilo moja leo aweza kumtafuta mdudu mahali asipopata kuwapo.

Wakati nao hausubiri. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu hao wanahitaji nyumba, wala hatuwalaumu. Lakini funza wa nzi hawa hukulia ardhini au katika magogo yaliyooza. Kiwanja kikisha kufyekwa na kusakafiwa, makao hayo hutoweka.

Ni maoni yetu, basi, kwamba walimu wa sayansi na wanafunzi wao waanze sasa. Wampige picha nzi huyo, waandike mtaa, tarehe, na kama ni shambani, msituni au uani, kisha wawapelekee wataalamu. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.