Zidi, zidisha na chuku: kicheko kinavyobeba jambo zito

Kitenzi "zidi" kina maana ya kupita kipimo. Katika mazungumzo, mtu akisemwa kuwa "amezidi" bila maelezo zaidi, hasifiwi: amevuka mpaka wa ulafi, majivuno au uonevu.

Said Ahmed Mohamed, mwandishi aliyezaliwa Pemba mwaka 1947, alilifanya neno hilo kuwa jina la tamthilia yake, *Amezidi*, kisha akaligawa sehemu mbili ili kupata wahusika wake wakuu: Ame na Zidi. Ame ni jina la mwanamume linalojulikana sana Pemba na Unguja, lakini masikioni mwa mtazamaji ni mwanzo tu wa kitenzi, usiokamilika mpaka Zidi afuate. Mafukara hao waishio pangoni huota ukwasi, na ndoto zao za kuchekesha huibua suala la umaskini na utegemezi wa nchi changa. Kiambishi "a-" hakitaji jina la mtu. Kwa hiyo anayecheka hulazimika kujiuliza aliyezidi ni nani: fukara aotaye, au yule aliyemfikisha pangoni?

Kutokana na "zidi" hupatikana "zidisha", yaani kufanya kitu kipite kipimo. Hiyo ndiyo kazi ya mchora vibonzo. Chuku ambayo mwandishi huipiga kwa maneno, yeye huipiga kwa kalamu: kitambi cha mkubwa huenea ukurasa mzima. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la *Uhuru*. James Gayo akamchora Kingo. Wahusika hao ni wa kubuni, hivyo tabia huchekwa bila mtu halisi kutajwa. Riwaya ya picha huongeza mfuatano: katika picha ya kwanza mlafi huchekesha, katika ya mwisho, sahani ya jirani yake imebaki tupu.

Hata hivyo, chuku inaweza kumwumiza asiyestahili. Hapo inafaa kutofautisha maneno mawili yanayokaribiana. "Kejeli" hufichua kosa kwa kicheko. "Dhihaka" humdunisha mtu mwenyewe. Linganisha:

Kibonzo hiki kinakejeli ulafi wa wakubwa.

Kibonzo hiki kinamdhihaki ombaomba.

Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi. Ni ya kwanza tu inayomtaja aliyezidi.