Ardhi ni ya umma, haki ni ya mmiliki

Kisheria, kumiliki mali ni kuwa na haki kadhaa juu ya mali hiyo: kuitumia, kula matunda yake, kuwazuia wengine wasiiguse, kuipangisha, kuiweka rehani, kuiuza, kuitoa zawadi na kuirithisha. Haki hizo si lazima zikae mkononi mwa mtu mmoja. Mpangaji ana haki ya kuishi katika nyumba lakini hawezi kuiuza. Benki iliyopokea hati ya shamba kuwa dhamana hailimi shamba hilo, ila mkopo usipolipwa yaweza kuliuza. Jirani naye aweza kuwa na haki ya kupita katika kiwanja cha mwenzake hadi barabarani. Kwa hiyo kukalia ardhi ni jambo moja na kuimiliki ni jambo jingine.

Sheria hugawa mali katika mafungu mawili: inayohamishika, kama ng'ombe, gari na fedha, na isiyohamishika, ambayo ni ardhi na vilivyoshikamana nayo. Tanzania Bara huhesabu nyumba na vitu vingine vilivyojengwa au kukazwa ardhini kuwa sehemu ya ardhi. Madini, mafuta na gesi vimetengwa. Mkulima akigundua dhahabu chini ya mihogo yake, hawezi kuichimba kwa nguvu ya hati ya shamba. Sharti apate leseni kwa mujibu wa Sheria ya Madini.

Umma na Rais mdhamini

Ardhi yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ameshikilia dhamana yake kwa niaba ya wananchi. Mizizi ya utaratibu huu imo katika ukoloni. Mwaka 1895 utawala wa Wajerumani ulitangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola. Mwaka 1923 Waingereza waliiweka ardhi chini ya mamlaka ya Gavana, na mwaka 1928 wakaitambua kisheria miliki ya wenyeji iliyofuata mila. Baada ya Uhuru, serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilifuta umiliki wa kudumu ambao wageni wachache walikuwa nao, kwa sheria ya mwaka 1963, ili ardhi isigeuzwe bidhaa ya walanguzi.

Miaka ya 1991 na 1992 tume iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchini kusikiliza malalamiko ya wananchi. Ilifuata Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, kisha Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 1, 2001. Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

Ardhi kuwa ya umma hakumfanyi mwananchi kuwa mkaaji kwa hisani. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki ya kila mtu kumiliki mali. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilitamka kuwa haki ya kimila juu ya ardhi nayo ni mali inayolindwa na ibara hiyo, hata kama mwenyewe hana karatasi.

Aina za ardhi na hati zake

Ardhi ya Bara ina mafungu matatu. Ardhi ya hifadhi ni kama ile ya hifadhi za taifa, misitu na barabara. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, ambayo haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Inayobaki ni ardhi ya jumla, na humo zimo sehemu nyingi za miji.

Katika ardhi ya jumla iliyopimwa, mwananchi hupewa hatimiliki kwa muda usiozidi miaka 99. Hati hiyo huja na masharti ya kuendeleza eneo, kufuata matumizi yaliyopangwa na kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Katika maeneo ya mijini yasiyopimwa hutolewa leseni ya makazi, haki ya muda mfupi usiozidi miaka mitano kwa kila leseni. Kijijini hutolewa hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria imeipa haki ya kimila hadhi sawa na ile ya hatimiliki, na kwa mwanakijiji yaweza kuwa haina ukomo wa miaka. Asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji uliofuata sheria.

Umiliki wa pamoja na haki za wanandoa

Watu wawili au zaidi waweza kumiliki ardhi moja kwa namna mbili. Kwa namna ya kwanza kila mmoja ana fungu lake, na akifa fungu hilo huenda kwa warithi wake. Kwa namna ya pili wote huhesabiwa kuwa mmiliki mmoja, na anayebaki hai huchukua yote. Namna hii ya pili sheria imewawekea wanandoa, isipokuwa mahakama iruhusu vinginevyo.

Sheria za mwaka 1999 zinatamka wazi kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kutumia na kuuza ardhi. Haki hiyo ilipiganiwa mahakamani kwanza. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, ilikataa mila ya Wahaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Nyumba ya familia nayo haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina la mmoja tu.

Kuhamisha haki, kuipoteza na kuidai

Muuzaji hawezi kutoa haki asiyokuwa nayo. Mnunuzi anayejali fedha yake hufanya upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati ili ajue jina la mmiliki na kama kuna rehani au zuio. Pasipo na usajili, huulizia majirani wa mipaka na uongozi wa mtaa au kijiji. Mkataba wa kuuza ardhi sharti uwe wa maandishi, na uhamisho usajiliwe.

Haki yaweza kufutwa mmiliki akiitelekeza ardhi au akivunja masharti ya hati. Serikali nayo yaweza kuitwaa kwa manufaa ya umma chini ya sheria ya mwaka 1967, na hapo mmiliki anastahili fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Hesabu ya fidia hiyo hugusa thamani ya ardhi, majengo na mazao, pamoja na usumbufu na usafiri. Pia anayechelewa kudai ardhi iliyovamiwa hufungiwa mlango wa mahakama baada ya miaka 12.

Mgogoro huanzia kwenye usuluhishi katika baraza la ardhi la kijiji au la kata. Tangu mwaka 2021 baraza la kata halitoi hukumu za ardhi. Hupatanisha tu, na likishindwa shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Juu yake zipo Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Katika ngazi zote hizo, mwenye hati, mkataba, stakabadhi za kodi na mashahidi wa mipaka yuko mahali pazuri zaidi pa kuilinda haki yake kuliko anayetegemea maneno matupu.