Kikohozi Kisichokoma: Tusiridhike na Jibu Moja



Juma hili twawakumbuka jamaa zetu wa upande wa ziwa, katika kaunti za Migori na Homa Bay. Huko kifua kikuu na UKIMWI vimekuwa mzigo mzito kwa miaka mingi. Migori ni nchi ya tumbaku. Na ufuoni mwa Homa Bay, akina mama hubanika samaki kwa moshi wa kuni. Moshi huo, kama ule wa sigara, huongeza hatari ya saratani ya mapafu. Nao hauko mbali na majiko yetu ya Pwani.

Kifua kikuu, hata kikipona, huweza kuacha shimo ndani ya pafu. Kuvu iitwayo aspajilasi, ambayo mbegu zake huruka hewani na hutoka katika nafaka iliyoota ukungu na majani yaliyooza, huingia humo ikajenga tonge. Saratani nayo huweza kulila pafu, likabaki shimo, kuvu ikapata makao. Hapo mgonjwa huwa na maradhi mawili katika pafu moja.

Taabu ni kwamba dalili zake zafanana na za kifua kikuu: kikohozi cha miezi, makohozi yenye damu, kukonda na uchovu. Katika eksirei, yote huonekana kama kivuli. Mgonjwa huweza kurudishiwa dawa za kifua kikuu, nazo haziui kuvu wala haziponyi saratani. Na kuvu ikigunduliwa, ni rahisi kudhani jibu limepatikana, kumbe saratani imejificha nyuma yake.

Kuvu hutambuliwa kwa kupima damu na makohozi, na dawa yake humezwa kwa miezi. Saratani huthibitishwa kwa kupima kipande kidogo cha pafu.

Basi, mama, wewe ndiwe ukisikiaye kikohozi cha usiku. Kikipita majuma mawili, mpeleke mgonjwa hospitali. Akimaliza dawa na bado akakohoa, rudi naye, ukaulize kwa adabu: Je, kuvu imepimwa? Je, saratani imetafutwa? Anayekohoa damu asingojeshwe hata siku moja.

Tuombe dua, na tutafute tiba. Moja haliondoi jingine.

Wabillahi tawfiq.