KIPIMO CHA DAMU CHA MALARIA: MAANDALIZI, HATUA NA MAJIBU

Malaria husababishwa na vimelea vya plasmodiamu vinavyoenezwa na mbu jike wa anofelesi. Mkoa wa Kagera, zilizomo wilaya za Karagwe na Kyerwa, ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi nchini. Dalili zake ni homa, kutetemeka, kuumwa kichwa na viungo. Dalili hizi hufanana na za homa ya matumbo na magonjwa mengine, hivyo haziwezi kuthibitisha malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mgonjwa apimwe kwanza, kisha ndipo apewe dawa.

Umuhimu wa kupima Karagwe na Kyerwa
Utafiti uliofanyika wilayani Karagwe mwaka 2022 ulionesha vimelea vyenye badiliko la jeni liitwalo R561H. Vimelea hivyo huchelewa kuondoka katika damu mgonjwa anapotumia dawa za jamii ya artemisinini. Badiliko hilo lilikwisha kuripotiwa nchi jirani ya Rwanda. Dawa mseto (ALu) bado inaponya, kwa kuwa ina dawa ya pili, lumefantrini. Lakini kumeza dawa bila kupima, au kuacha dozi katikati, huvipa vimelea sugu nafasi ya kuenea.

Maandalizi ya mgonjwa
1. Kula na kunywa kama kawaida. Kufunga kula huhitajika kwa vipimo vingine, mfano sukari ya asubuhi kabla ya kula.
2. Kunywa maji ya kutosha.
3. Pasha mikono joto kwa kuisugua. Asubuhi za baridi za nyanda za juu za Karagwe, vidole hupoa na damu hutoka kidogo, hivyo huenda ukachomwa tena.
4. Mweleze mhudumu kama uliwahi kuzimia ulipoona damu, au kama umetumia dawa ya malaria wiki chache zilizopita.
5. Keti, legeza mkono, vuta pumzi taratibu. Unaweza kutazama pembeni.

Hatua za kipimo cha haraka (mRDT)
Mhudumu husafisha kidole kwa spiriti na kuacha kikauke, kwani spiriti mbichi huwasha. Huchoma pembeni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni kidogo kuliko katikati, akitumia kisindano kipya. Tone dogo la damu huwekwa kwenye kifaa pamoja na maji maalumu ya kipimo. Majibu husomwa baada ya dakika 15 hadi 20, kulingana na kifaa.

Kusoma majibu
(a) Mstari kwenye C pekee: malaria haijaonekana.
(b) Mistari kwenye C na T: malaria ipo.
(c) Hakuna mstari kwenye C: kipimo kimeharibika, kirudiwe.

Zingatia: Kipimo hiki hutambua protini ya vimelea. Protini hiyo huweza kubaki katika damu wiki kadhaa baada ya kupona. Mgonjwa wa namna hiyo hupimwa kwa hadubini, inayoonesha vimelea vyenyewe.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini dalili pekee hazitoshi kuthibitisha malaria? (alama 2)
2. Eleza kwa nini mikono ipashwe joto kabla ya kipimo. (alama 2)
3. Mwanafunzi aliyemaliza dozi ya ALu wiki mbili zilizopita amepata mistari C na T. Je, ni lazima awe na malaria mpya? Fafanua. (alama 4)