Foleni ya sikukuu humchosha mtoto mgonjwa kuliko bembea

Shule zikifungwa Desemba, na kila inapofika Idd, wazazi wengi wa Dar es Salaam huwapa watoto ahadi ileile: tutakwenda kuogelea na kupanda bembea. Viwanja vya michezo ya watoto na mabwawa yenye miteremko ya maji huanza kujaa asubuhi, na ufukwe wa Coco hufurika mpaka barabarani. Mzazi anayejali hujiuliza kama mteremko ule ni mrefu mno kwa umri wa mwanawe, au kama maji yatamzidi kimo. Ni maswali mazuri. Ambalo halimjii ni hili: mtoto atasimama wapi, na kwa muda gani, kabla ya kuufikia huo mteremko?

Piga hesabu ya siku yenye watu wengi. Mchezo wa dakika 2 unaweza kusubiriwa kwa dakika 40. Mtoto akicheza mara nne, amecheza dakika 8 na kusimama zaidi ya saa mbili na nusu, mara nyingi juani, kwenye sakafu ya saruji inayotoa joto kama kikaango. Kwa mtoto mwenye afya hiyo ni kero, atanung'unika na kununuliwa aiskrimu. Kwa mwenye selimundu, pumu, ugonjwa wa moyo au usonji, zile saa mbili na nusu ndizo zinazomlaza hospitali usiku wa sikukuu.

Joto la pwani mwezi huo lina ujanja wake. Mwili haupoi kwa sababu jasho limetoka, unapoa jasho linapokauka kwenye ngozi. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, jasho hutiririka bila kukauka, na mtoto hupoteza maji na chumvi pasipo kupoa. Tena foleni ikibana, mtoto mfupi anakuwa katikati ya viuno vya watu wazima, mahali ambapo upepo haufiki. Baba yake aliyesimama naye anapata hewa tofauti kabisa.

Mtoto akianza kulalamika kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu au kukaza kwa misuli ya miguu, mtoe kwenye foleni hapohapo. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mpe maji kidogo kidogo au maji ya chumvichumvi ya ORS. Akianza kuongea visivyoeleweka, kuyumba, kupata degedege au kuzimia, hiyo ni dharura. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na safari ya hospitali ianze wakati huohuo. Usimnyweshe kitu mtoto asiyejitambua. Panado nayo haishushi joto lililosababishwa na jua, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta.

Mwenye selimundu

Tanzania inakadiriwa kuwa na watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, kwa hiyo katika foleni yoyote ndefu ya watoto hapa nchini ni rahisi sana kuwamo mmoja au zaidi. Kwa nje hawatambuliki.

Chembechembe nyekundu za damu za mtoto huyu hujipinda na kuwa na umbo la mundu pale mwili unapokaukiwa maji au kupungukiwa oksijeni. Zikishajipinda hushikana, huziba mishipa midogo, na sehemu isiyopata damu huanza kuuma. Maumivu hayo mzazi anayajua, huna haja ya kuelezwa. Jambo ambalo wengi hawajaambiwa linahusu mkojo. Wazazi tumezoea kufundishwa kwamba mkojo wa njano iliyokolea ni dalili ya upungufu wa maji, na mweupe ni dalili njema. Kwa wengi wenye selimundu kipimo hicho kinadanganya. Figo zao hushindwa kuyabana maji, hivyo hukojoa sana, mkojo mweupe, hata mwili ukiwa umekauka. Ndiyo sababu pia wengi wao hukojoa kitandani hadi umri mkubwa, na kuchapwa bure.

Kwa hiyo usiangalie mkojo, wala usisubiri aseme ana kiu. Chupa ya lita moja na nusu iwe yake peke yake, anywe mafunda kadhaa kila baada ya muda mfupi, na ikiisha ijazwe. Sehemu nyingi za michezo haziruhusu vinywaji kutoka nje, na hapo getini ndipo ugomvi wa siku huanzia. Nenda na kadi yake ya kliniki, mwombe msimamizi kwa upole, mweleze kuwa maji kwa mtoto huyu ni sehemu ya matibabu. Walinzi wengi ni wazazi pia.

Bwawa lenyewe si haramu kwake. Hatari ni maji ya baridi, na zaidi ya hapo ni kutoka majini akiwa ameloa kisha kupanga foleni tena na upepo unampiga. Baridi hubana mishipa ya damu, na hapo chembechembe zile hupata pa kukwama. Aogelee kwa vipindi vifupi, akitoka afutwe kwa taulo na avae fulana kavu kabla ya kusimama popote. Ngazi ndefu za kupandia kwenye mteremko asizikimbie, na akichoka asihimizwe. "Jikaze, wenzako wanakuangalia" ni maneno ya kuacha nyumbani.

Mkirudi, mchunguze kwa siku mbili tatu. Homa inayofika nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, weupe wa ghafla kwenye viganja na midomo, tumbo kuvimba upande wa kushoto lilipo bandama, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea: hakuna la kungoja mpaka asubuhi hapo.

Wanaochomekea

Foleni ya dakika 40 haiwi ndefu kwa sababu ya wingi wa watu tu. Mama mmoja amesimama mbele yako na mtoto mmoja. Akikaribia mlangoni wanatokea binamu sita, "tuko pamoja". Baba mwingine anampenyeza mwanawe chini ya kamba. Mwingine amejaza mikoba kwenye benchi pekee lenye kivuli, na ukimwomba nafasi anakutazama kana kwamba umemwomba kiwanja. Yupo anayevuta sigara katikati ya foleni ya watoto, asijue kwamba hatua tatu nyuma yake kuna kifua cha pumu. Mtoto mwenye pumu asiende popote penye msongamano bila dawa yake ya kuvuta, kile kikopo cha bluu, na kikopo hicho kikae mfukoni mwa mzazi, si kwenye begi lililoachwa garini.

Wazazi wa watoto wagonjwa hupata kishawishi cha kudai wapitishwe mbele, na waliobaki nyuma hupiga kelele kwamba nao ni wajanja tu. Marekani wamepambana na jambo hili kwa miaka mingi. Viwanja vya Disney vya Florida na California vilikuwa na kadi maalumu kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2013 gazeti moja la New York liliripoti kuwa familia zenye fedha zilikuwa zikimkodi mtu mwenye ulemavu aongozane nazo ili zisipange foleni. Mwaka huohuo Disney iliiondoa kadi hiyo, ikaweka utaratibu mwingine: mwenye shida huandikiwa saa ya kurudi kulingana na urefu wa foleni, anakwenda kusubiri anapoweza, na saa yake ikifika anaingia. Mwaka 2024 masharti yalikazwa tena, huduma ikaelekezwa zaidi kwa wenye usonji na matatizo mengine ya ukuaji wa aina hiyo, na wagonjwa wa aina nyingine wakalalamika kuachwa nje. Ujanja wa wachache uliishia kuwabana wagonjwa wa kweli.

Hata hivyo wazo la saa ya kurudi ni zuri, nami naona linatufaa sana hapa kwetu kwa kuwa halihitaji mtambo wowote. Kalamu na kipande cha karatasi vinatosha. Mtoto mwenye selimundu hahitaji kumtangulia mtu, anahitaji kusubiri kwenye kivuli. Mwenye usonji, ambaye kelele na kuguswaguswa humfanya apige mayowe ambayo watu huyaita utovu wa adabu, anahitaji kusubiri pembeni penye utulivu. Mzazi akimwambia msimamizi, "Sisi ni wa kumi na tano, tutakuwa chini ya ule mwembe, zamu yetu ikifika tutakuja", hamwonei mtu yeyote. Kama mko wazazi wawili, mmoja ashike nafasi na mwingine akae na mtoto, naye aje peke yake bila binamu sita. Ukimwona mwenzako anafanya hivyo, mpishe.

Kwa mwenye kifafa nitasema machache. Siku hiyo asikose dozi, usiku wake asikeshe kwa furaha ya safari, na akiwa majini awe na mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumshika mkono. Mwokoaji wa bwawa anayeangalia vichwa mia hawezi kuwa mtu huyo.

Foleni inapogeuka kuwa msongamano

Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el-Fitri, watoto wapatao 20 walikufa mjini Tabora katika ukumbi wa disko uliojazwa kupita kiasi. Walikwenda kucheza disko toto. Ni kisa ambacho wazazi wadogo wa leo huenda hawakisikii tena, na ndiyo maana nakirudia. Seoul, Korea Kusini, usiku wa tarehe 29 Oktoba 2022, zaidi ya watu 150, wengi wao vijana, walikufa katika kichochoro kimoja cha mteremko walikokwenda kusherehekea.

Tukisikia habari hizi husema "wamekanyagana". Wengi hufa wakiwa wamesimama. Ili upumue, kifua lazima kitanuke, na watu wakibanana mbele na nyuma kifua hakipati nafasi ya kutanuka. Mbavu za mtoto ni laini, hubonyezwa kwa nguvu ndogo zaidi. Wanaosukuma wako nyuma, hawaoni kinachotokea mbele, na kila mmoja anasukuma kidogo tu.

Dalili ya kuondoka huja mapema kuliko watu wanavyodhani. Ukiguswa mabega yote mawili bila wewe kutaka, na huwezi kuinua mkono ukaugusa uso wako bila kumsumbua jirani, toka, hata kama umeshalipa. Mnyanyue mtoto juu ya usawa wa vifua vya watu. Kunja mikono mbele ya kifua chako kama bondia ili ubaki na nafasi ya kuvuta pumzi. Usishindane na wimbi la watu likikusukuma. Likitulia, sogea mshazari kuelekea pembeni. Kandambili ikidondoka iache. Ukumbi wenye mlango mmoja unaopitika, na watoto bado wanazidi kuingizwa, usimwache mwanao humo hata kama mpangaji ni jirani yako.

Njia nyepesi ya kuepuka yote haya ni kuchagua siku. Jumanne ya likizo, saa mbili na nusu asubuhi, bembea ni zilezile na foleni hakuna. Mtoto wa miaka mitano hajui kama Krismasi ni leo au ilikuwa wiki iliyopita.

Wiki mbili baadaye

Desemba 2014 ugonjwa wa surua ulianza kusambaa kutoka Disneyland, California. Nchini Marekani pekee waliougua katika mlipuko huo walifika 147, na wengine walipatikana Mexico na Canada. Wengi wa waliougua hawakuwa wamechanjwa au hawakujua kama walichanjwa. Virusi vya surua hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, kwa hiyo humhitaji hata kumwona aliyekuambukiza.

Kabla ya safari, fungua kadi ya kliniki. Chanjo ya surua na rubella hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Ile ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa sababu mtoto ameshachangamka na mama amerudi kazini. Kama imepita, nenda ukaulize zahanati, usione haya. Mtoto anayeharisha naye abaki nyumbani. Wapo wanaomfunga nepi na kumtumbukiza bwawani, lakini nepi huzuia kinyesi kuonekana, haizuii vijidudu, na baadhi ya vijidudu hivyo huishi kwa siku kadhaa ndani ya maji yenye klorini.

Mtoto akipata homa, mafua, kikohozi na macho mekundu siku kumi hivi baada ya matembezi, kisha vipele vikaanzia usoni na kushuka mwilini, mpeleke kituo cha afya. Ukifika, usiende moja kwa moja kwenye benchi la kusubiri lenye watoto wengine. Mwache nje na mtu, mtafute muuguzi, mwambie unashuku surua, naye atakuonyesha pa kukaa.