Filamu za Kutisha Zina Nini Ambacho Tsavo Haina?

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, hapa mjini Voi, kazi ya kuandika kisa cha kutisha. Niliyoyasoma usiku ule yalinitia huzuni badala ya hofu. Mmoja aliandika juu ya kasri la mawe lililozingirwa na theluji. Mwingine juu ya mwanasesere mwenye kisu. Wa tatu juu ya jitu lililovaa kinyago na kuwafukuza wasichana kwa msumeno wa injini. Watoto hawa hawajapata kuiona theluji. Kasri hawalijui. Na msumeno wa injini, kwa kadiri nijuavyo, katika milima ya Taita umetisha miti tu. Nilikuwa bado na kalamu nyekundu mkononi niliposikia garimoshi la mizigo likilalama kuelekea Tsavo, nikajiuliza: hivi watoto hawa wamesahau wanakaa wapi?

Msomaji asinielewe vibaya. Mimi si adui wa filamu za kutisha. Nimezipenda tangu ujana, na kuna wakati nauli ya kurudi nyumbani iliishia katika banda la video. Filamu ya aina hii, iwe nzuri au mbovu, husimama juu ya nguzo chache zinazojulikana: mahali pasipo na pa kukimbilia, silaha isiyosahaulika, adui asiyeonekana upesi, na kile kigeugeu cha mwishoni kinachomfanya mtazamaji aone haya kwa yale aliyokuwa akiyaamini. Aliyeitazama Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, halisahau bafu lile. Walioitazama Jaws ya mwaka 1975 waliogopa bahari hata mahali pasipo na papa. Na sababu yake ni ya kuchekesha, kwa kuwa papa wa mitambo aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo alikuwa akiharibika kila mara, mwelekezi Steven Spielberg akalazimika kumficha, na watu wakaishia kuyaogopa maji yenyewe.

Nguzo zote hizo zilikuwako Tsavo mwaka 1898, wakati sinema ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu.

Kisa chenyewe wengi mnakijua, nami nitakigusia kwa ufupi. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imekwisha kuipita Voi, na sasa lilitakiwa daraja la kudumu juu ya Mto Tsavo. Mwezi Machi mwaka 1898 aliwasili mhandisi Mwingereza, John Henry Patterson, kulisimamia. Muda si muda simba dume wawili wakaanza kuingia kambini usiku na kuwachukua watu mahemani, wengi wao vibarua waliotoka Uhindini. Jemadari mmoja wa Kisingasinga, Ungan Singh, alikamatwa shingoni akiwa amelala pamoja na wenzake, akaburutwa nje. Hali iliendelea hivyo hadi Desemba. Mnamo tarehe 1 ya mwezi huo mamia ya wafanyakazi walijilaza juu ya reli, wakalilazimisha garimoshi lisimame, wakalipanda na kwenda zao. Ujenzi ukasimama kwa muda wa majuma matatu hivi. Milki iliyotawala robo ya dunia ilizuiwa na wanyama wawili.

Tuanze na mahali. Apitaye Tsavo mchana ndani ya basi huona vichaka vikavu, vumbi jekundu na mbuyu mmoja mmoja, akaendelea kusinzia. Lakini nyika ile usiku ni kitu kingine. Miiba yake imesongamana hivi kwamba mtu hawezi kukimbia hata hatua ishirini bila kunaswa, ilhali mnyama hupita chini yake kama maji. Kambi za wafanyakazi zilikuwa zimetawanyika maili kadhaa kando ya njia ya reli, kila moja imezungushiwa boma la miiba. Simba wale walilipenya boma wakitoka na mtu kinywani. Patterson ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1907 kwamba walinguruma walipokuwa mbali, na walipokaribia wakanyamaza. Ngurumo ilikuwa faraja. Kilichowaua watu kwa hofu ni pale kimya kilipoingia, na wafanyakazi wakaanza kupaziana sauti kutoka kambi moja hadi nyingine, wakitahadharishana kwamba shetani yu njiani. Hakuna aliyejua kambi itakayochaguliwa. Nawaomba walimu wenzangu walitafakari jambo hilo: katika kisa hiki, sauti ilikuwa usalama, na ukimya ndio uliokuwa adui. Ni waandishi wangapi wa filamu waliowahi kulifikiria hilo?

Sasa silaha. Filamu nyingi za kutisha huupa ukatili chombo chake: kisu, shoka, msumeno. Tsavo ilikuwa kinyume, maana silaha zote zilikuwa mikononi mwa watu, na zote ziliwasaliti. Siku moja Patterson alijiwa na simba uso kwa uso akiwa ameshika bunduki kubwa ya kuazima, ambayo hakuwa amepata kuijaribu. Alipovuta kiwambo, risasi haikutoka. Alibuni mtego wa vyuma wenye vyumba viwili, akawaweka askari wa Kihindi chumba kimoja wawe chambo, wakiwa na bunduki, na kati yao na simba pakiwa na nondo madhubuti. Usiku mmoja simba aliingia kweli, mlango ukaanguka nyuma yake. Askari wale, wakiwa hatua chache tu kutoka kwake, walipiga risasi kila upande isipokuwa upande wa simba. Risasi mojawapo ilivunja nondo ya mlango, na simba akaenda zake. Mwanafunzi akiniandikia tukio hilo katika insha, huenda ningemwandikia pembeni kwamba haliaminiki.

Kisha kuna bundi. Tarehe 9 Desemba usiku Patterson alikaa peke yake juu ya ulingo wa miti uliotikisika, chini yake amefungwa mzoga wa punda. Simba alikuja, akamwacha punda, akaanza kuuzunguka ulingo. Ilipita kama saa mbili mwindaji akiwindwa. Katika giza lile, kitu kikampiga kisogoni kwa ghafla. Alikuwa bundi, ambaye yamkini alimdhania mtu yule asiyejongea kuwa tawi la mti. Kwetu sisi, ambao bundi akilia juu ya paa twaanza kuulizana nani mgonjwa, tukio hilo halihitaji muziki wa kutisha. Dakika chache baadaye simba wa kwanza alipigwa risasi. Walihitajika wanaume wanane kumbeba. Wa pili alikufa tarehe 29 Desemba, baada ya kupigwa risasi mara nyingi na baada ya kumlazimisha Patterson apande mti kwa kasi isiyomfaa afisa.

Filamu juu ya kisa hiki zimepigwa zaidi ya moja. Ya mwaka 1952, Bwana Devil, ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya rangi iliyotazamwa kwa miwani maalumu, ile inayofanya picha ionekane kumrukia mtu. Ilizinduliwa Novemba mwaka huo, mwezi mmoja tu baada ya hali ya hatari kutangazwa nchini Kenya. Wamarekani walilipa fedha wakatishwe na simba wa Kenya waliokufa zaidi ya nusu karne nyuma, wakati ambapo Wakenya walikuwa na vitisho vyao vya bure.

Ile nyingine, The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, niliitazama hapa hapa Voi katika banda la video, juu ya benchi lisilo na mgongo. Nyuma yangu aliketi mzee aliyestaafu kazi ya reli. Simba alipojitokeza, manyoya ya shingoni yakipepea, vijana walipiga kelele. Mzee akacheka.

"Vijana, huyo si wa huku," akasema. "Dume la huku halina nywele."

Alisema kweli. Simba dume wengi wa Tsavo hawana manyoya marefu ya shingo, au wanayo machache tu, na wale wawili wa mwaka 1898 hawakuwa nayo. Filamu ilipigwa Afrika Kusini. Baadaye akaingia mwindaji hodari Mmarekani aitwaye Remington, aliyeigizwa na Michael Douglas, kuja kutuokoa.

"Na huyu naye alishuka kituo gani?" mzee akauliza. Banda zima likaangua kicheko, na tangu hapo hatukuogopa tena. Mtu huyo hakupata kuwako. Ni mwandishi wa filamu aliyemwongeza. Hata hivyo, nitatenda haki. Filamu ile ilipata tuzo ya Oscar kwa kazi ya sauti, na iliistahili. Tena ina ndoto moja ambamo mke wa Patterson anawasili na mtoto mchanga, mume akikimbia kuwapokea huku simba akija kupitia majanini, ambayo bado hunirudia kila nisimamapo stesheni kumpokea mtu.

Hapo ndipo ninapofikia kile kigeugeu cha mwishoni. Ngozi na mafuvu ya simba wale viliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago, kwa dola 5,000, na viko huko hadi leo. Wataalamu walipoyachunguza mafuvu waligundua kwamba simba mmoja alikuwa na chonge lililovunjika na usaha kwenye mzizi wake. Yule shetani, ambaye wengine walimdhania kuwa pepo wa machifu wa kale wanaoipinga reli, yaelekea alikuwa mgonjwa wa jino. Ukiongeza tauni ya ng'ombe iliyoteketeza mifugo na nyati katika miaka ya 1890, na ukame uliofuata, na njia ya kale ya misafara iliyoacha maiti nyikani, unaona kwamba simba hawa walikuwa na historia. Mwaka 2024 wachunguzi, wakiwamo wataalamu wa Kenya, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa nywele zilizokwama katika meno hayo: za binadamu, twiga, choroa, kuro, nyumbu na punda milia.

Na lile pango? Patterson alilipata pango lenye mifupa ya watu, akaliita maskani ya simba, na filamu ikalitumia vilivyo. Lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba mliona pia bangili. Wataalamu wa baadaye wamesema kuwa simba hana desturi ya kulimbikiza mifupa pangoni, na wakaona uwezekano kwamba palikuwa mahali pa maziko. Mdawida hahitaji kuambiwa zaidi. Wazee wetu waliyahifadhi mafuvu ya wahenga katika mapango, kwa heshima na kwa utaratibu. Ikiwa ndivyo, mgeni aliingia makaburini mwa watu, akaona jinamizi, na dunia nzima ikalitazama kwa kiingilio.

Lakini linalonikosesha usingizi zaidi ni hesabu. Patterson alitaja Wahindi 28 waliouawa. Katika maandishi yake ya baadaye idadi ikapanda hadi 135. Uchunguzi wa kemia ya mifupa na nywele za simba wale, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria watu 35 hivi walioliwa. Kuhusu Waafrika, Patterson alikiri kwamba hapakuwekwa kumbukumbu yoyote rasmi. Waliliwa makumi, asema, wala hakuna aliyeandika. Jemadari Ungan Singh tunamjua kwa jina. Simba wenyewe wana nambari zao makumbushoni. Babu wa mtu fulani wa Taita au Ukambani, aliyekwenda kutafuta kibarua cha kufyeka njia ya reli, hana hata mstari. Hakuna filamu niliyowahi kuitazama iliyonipa baridi ya uti wa mgongo kama hiyo.

Nilirudi darasani na haya yote. Nikawasomea, nikawaonyesha picha, nikawarudishia insha zao na kuwaamuru waandike upya, safari hii bila theluji. Baadhi walinung'unika, na mmoja akanionya kwa adabu, "Mwalimu, simba wamechosha."

Msichana mmoja wa Sagalla hakuandika juu ya simba. Aliandika juu ya mama anayelinda mahindi usiku, debe na fimbo mkononi, katika shamba lililozungushiwa waya wenye mizinga ya nyuki, kama wafanyavyo huko kwao ili kuwazuia ndovu wasiingie. Mbwa wanabweka, na mama ametulia. Kisha mbwa wananyamaza. Mama anasikia waya ukivutika polepole, mzinga wa mbali ukigonga nguzo, na nyuki hawatoki, kwa kuwa mzinga ule umehamwa tangu ukame. Nyumbani amewaacha watoto wawili, na mlango wa nyumba ni wa mabati. Ndovu haonekani hata mara moja katika insha nzima. Inakoma pale mama anapoliweka debe chini taratibu ili lisilie.

Nilimwuliza kama kisa hicho amekibuni. Akainama, akasema, "Debe tu, mwalimu. Sisi tunatumia sufuria."

Nilimpa alama kumi na saba juu ya ishirini. Tatu nilizikata kwa makosa ya tahajia.